Kutoka Shishiyu hadi Kigongo–Busisi: Namna ya Kupanga Ziara ya Kuliona Daraja la J.P. Magufuli

MASWA, SIMIYU – Tangu Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alipolizindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni, 2025, wananchi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa wamekuwa na hamu ya kulishuhudia kwa macho yao. Miongoni mwao ni wananchi wa Kata ya Shishiyu, Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ambao huishi mbali kiasi na ufukwe wa Ziwa Viktoria. Wengi wao wamesikia habari za daraja hilo redioni kabla ya kupata nafasi ya kulikanyaga.

Safari ya kulitazama daraja si ya anasa. Kwa mkulima wa pamba, mwanafunzi, mfanyabiashara ndogondogo au mwanakikundi wa kuweka na kukopa, ni nafasi ya kuona jinsi fedha za umma zinavyogeuka kuwa zege, chuma na barabara. Hata hivyo, safari isiyopangwa hula akiba ya kaya, huwachosha watoto na wazee, na mara nyingine huhatarisha maisha. Makala haya yanaeleza daraja hilo ni la namna gani, lilijengwa kwa sababu ipi, lipo wapi, linafikiwa kwa njia zipi, na mgeni anapaswa kuzingatia nini kabla ya kutoka nyumbani na awapo darajani.

Daraja lenyewe

Daraja la J.P. Magufuli, ambalo wakati wa ujenzi lilifahamika zaidi kwa jina la Kigongo–Busisi, lipo mkoani Mwanza. Linaunganisha eneo la Kigongo, Wilaya ya Misungwi, na eneo la Busisi, Wilaya ya Sengerema. Urefu wake ni kilomita 3 na upana wake ni mita 28.45. Pamoja na daraja zimejengwa barabara unganishi zenye urefu wa kilomita 1.66. Kila upande lina njia mbili za magari, njia ya dharura kwa chombo kilichoharibika, na njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita 2.5. Limesanifiwa kudumu kwa miaka 100.

Jiwe la msingi liliwekwa na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, tarehe 7 Desemba, 2019, na ujenzi ukaanza Februari, 2020. Hayati Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi, 2021 kazi ikiwa bado inaendelea. Serikali ya Awamu ya Sita iliendeleza ujenzi hadi ukakamilika, na daraja likapewa jina lake. Gharama za mradi zilifikia takriban shilingi bilioni 718, fedha zilizotolewa na Serikali ya Tanzania yenyewe. Kazi ilisimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) na kutekelezwa na kampuni mbili za ujenzi kutoka China kwa ubia.

Ili msomaji apate picha ya ukubwa wake, Daraja la Mkapa linalovuka Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970. Daraja la Nyerere la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa mita 680. Ukiyaunganisha madaraja hayo mawili, bado hayafiki hata kilomita mbili. Daraja la J.P. Magufuli peke yake ni kilomita tatu, na ndiyo maana linatajwa kuwa refu kuliko yote katika Afrika Mashariki na Kati.

Mgeni anayelitazama kutoka ufukweni ataona kwamba sehemu kubwa ya daraja imebebwa na nguzo zilizosimikwa ziwani kwa mpangilio wa karibu karibu. Sehemu ya katikati ni tofauti. Hapo nguzo zinaachana kwa umbali mkubwa zaidi ili vyombo vya majini vipite chini, na juu ya sakafu ya daraja huinuka minara yenye nyaya nene za chuma zilizokazwa pande zote mbili. Nyaya hizo husaidiana na mihimili ya zege kuubeba uzito wa daraja na wa magari. Bila msaada huo, mihimili ingelazimika kuwa minene mno au nguzo zingesongamana na kuziba njia ya vyombo vya majini. Ukimweleza mtoto jambo hilo akiwa pale pale, atalielewa upesi kuliko kulisoma kitabuni.

Kwa nini lilijengwa

Wageni wengi huuliza daraja hili linavuka mto gani. Jibu ni kwamba halivuki mto. Linavuka Ghuba ya Mwanza, yaani mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia nchi kavu kuelekea kusini. Mkono huo wa maji umeutenganisha upande wa Misungwi na Jiji la Mwanza na upande wa Sengerema na Mkoa wa Geita. Kwa hiyo barabara kuu iliyotoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Kagera, na kuendelea hadi nchi jirani, ilikuwa inaishia majini Kigongo na kuanza tena Busisi.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na vivuko vya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA). Magari na abiria walipanga foleni, wakasubiri kivuko kifike, kipakue, kipakie na kivuke. Pale foleni ilipokuwa ndefu au hali ya ziwa ilipokuwa mbaya, kusubiri kulichukua saa mbili na zaidi. Mzigo wa samaki au matunda uliweza kuharibika foleni ikiwa haijasogea. Uchungu mkubwa zaidi ulikuwa wa wagonjwa. Mama mjamzito au majeruhi wa ajali aliyepewa rufaa kutoka upande wa Sengerema na Geita kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, alilazimika kuusubiri usafiri wa majini wakati kila dakika ilikuwa na thamani.

Leo gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huzivuka kilomita hizo tatu kwa muda usiofika dakika nne, usiku na mchana. Hilo ndilo jambo la kukumbuka zaidi kwa anayekwenda kulitazama daraja. Urefu wake unavutia macho, lakini thamani yake imo katika saa ambazo wananchi hawazipotezi tena.

Mto Simiyu na madaraja ya njiani

Mwananchi wa Shishiyu anayetaka kuona pia daraja la mtoni hahitaji kubadili safari, kwa kuwa mojawapo ya njia za kwenda Mwanza huvuka Mto Simiyu wilayani Magu. Mto huu, ambao umeupa mkoa jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012, hutiririka kutoka upande wa mashariki, kwenye nyanda zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Speke. Mto Duma ni miongoni mwa mito inayoulisha. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley, alipolizunguka Ziwa Viktoria, aliutaja Mto Simiyu kuwa chanzo cha kusini kabisa cha maji ya Mto Nile.

Tabia ya mto huu inafahamika vema kwa wenyeji. Wakati wa kiangazi maji hupungua na mchanga huonekana katika sehemu nyingi, lakini mvua zikinyesha juu, maji huja kwa kishindo yakiwa yamebeba udongo na magogo. Daraja la zamani la Simiyu katika barabara kuu ya Mwanza–Musoma ni jembamba ikilinganishwa na wingi wa magari ya sasa, na ndiyo sababu Serikali kupitia TANROADS ilianzisha mradi wa kujenga daraja jipya kando yake, sambamba na Daraja la Sukuma lililo katika barabara hiyo hiyo. Msafiri anayepita hapo ana nafasi ya kulinganisha namna mbili za kupambana na maji: ghuba pana ya ziwa iliyotulia, na mto unaobadilika kwa msimu.

Kwa wakazi wa upande wa kusini mwa mkoa, lipo pia Daraja la Sibiti lenye urefu wa mita 82, linalounganisha Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu na Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Si kubwa kwa kipimo cha Kigongo–Busisi, lakini limefungua njia ya moja kwa moja kati ya mikoa hiyo miwili, na linafaa kwa ziara fupi ya shule au kikundi ambacho uwezo wake wa fedha ni mdogo.

Njia mbili za kufika

Kutoka Shishiyu, msafiri huanza kwa barabara za vijijini hadi kuikuta barabara kuu ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi yenye urefu wa kilomita 171.8. Barabara hiyo ndiyo inayogawa safari katika njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kusini. Kutoka Maswa mjini msafiri huelekea Mwigumbi, umbali wa kilomita 50.3, mahali ambapo barabara hiyo hukutana na barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza. Hapo hugeukia upande wa Mwanza na kupita Hungumalwa, Mabuki na Misungwi hadi Usagara. Usagara ndiyo njia panda muhimu. Anayekwenda darajani huingia kushoto kuelekea Kigongo bila kulazimika kufika katikati ya Jiji la Mwanza. Njia hii inawafaa wanaotaka kufika darajani moja kwa moja.

Njia ya pili ni ya kaskazini. Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kilomita 49.7, na kutoka Bariadi hadi Lamadi, Wilaya ya Busega, ni kilomita 71.8. Lamadi msafiri huingia barabara kuu ya Musoma–Mwanza, akapita Nyashimo, Magu na Kisesa hadi Mwanza, kisha akaendelea Usagara na Kigongo. Njia hii ni ndefu zaidi, ila ina mengi ya kuona: Mto Simiyu na daraja lake, ufukwe wa Ghuba ya Speke, na Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, ambako historia, ngoma na vifaa vya jadi vya Wasukuma vimehifadhiwa.

Kwa wanaotumia mabasi, ni vema kufahamu kituo kabla ya kupanda. Mabasi yanayoingia Mwanza kwa upande wa Shinyanga hutumia Kituo cha Nyegezi, na yanayotoka upande wa Magu, Simiyu na Mara hutumia Kituo cha Nyamhongolo, Wilaya ya Ilemela. Vituo hivi viko pande tofauti za jiji. Msafiri aliyeshukia Nyamhongolo atahitaji usafiri wa ndani ya jiji hadi Nyegezi ili apate gari la kwenda Sengerema au Geita linalopita darajani. Aliyepita njia ya kusini anaweza kushuka Usagara na kuunganisha hapo hapo.

Katika siku zijazo kutakuwa na njia ya tatu. Reli ya Kisasa, kipande cha Mwanza–Isaka chenye urefu wa kilomita 341, imepangwa kupita Malampaka, Wilaya ya Maswa. Itakapoanza kazi, wananchi wa Maswa watakuwa na chaguo jingine la kufika Mwanza.

Wakati unaofaa

Kanda ya Ziwa, ukiwemo Mkoa wa Simiyu, hupata mvua za misimu miwili: Vuli kati ya Oktoba na Desemba, na Masika kati ya Machi na Mei. Katika vipindi hivyo barabara za vijijini zinazopita kwenye udongo mweusi wa mbuga huteleza na kunata, na maji hukatiza njia kwenye makorongo. Dereva mwenye busara hajaribu kuvuka korongo lenye maji yanayotembea, hata kama yanaonekana kuwa na kina kifupi. Kuanzia Juni hadi Septemba barabara huwa kavu na anga huwa safi zaidi kwa anayetaka kuona mbali.

Kipindi hicho cha kiangazi huangukia pia baada ya kuanza kwa mauzo ya pamba, wakati kaya nyingi za Maswa zina fedha mkononi na shughuli za shambani zimepungua. Faida hiyo ina hatari yake. Fedha za pamba ndizo zinazotarajiwa kulipia mbegu, pembejeo, sare za shule na matibabu hadi msimu ujao. Familia inashauriwa kukadiria gharama za ziara mapema na kutenga kiasi maalumu, badala ya kuchukua fungu la fedha baada ya mauzo na kuhesabu kilichobaki siku ya kurudi.

Yeyote anayesafiri anahimizwa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) unaotangazwa kila siku, hasa tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali katika Ziwa Viktoria. Upepo wa ziwani huhisiwa waziwazi juu ya daraja, hivyo nguo ya kujifunika ni ya lazima kwa watoto na wazee.

Usafiri salama na gharama

Gharama za ziara zina mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, malazi kwa anayelala Mwanza au Sengerema, na akiba ya dharura. Nauli za mabasi hupangwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na abiria ana haki ya kupewa tiketi yenye jina lake na kiasi halisi alicholipa. Asiyedai tiketi hujinyima ushahidi pale chombo kinapoharibika njiani au mzigo unapopotea.

Kwa vikundi, iwe ni cha kuweka na kukopa, kwaya, chama cha msingi cha ushirika au shule, kukodi basi dogo na kugawana gharama mara nyingi huwa nafuu kuliko kila mmoja kusafiri peke yake. Kabla ya kulipa fedha yoyote, viongozi wa kikundi wanapaswa kujiridhisha na mambo matatu: kwamba gari lina leseni ya kubeba abiria, kwamba lina bima iliyo hai, na kwamba dereva ana leseni ya daraja linalohusika. Makubaliano yaandikwe, yakitaja siku, njia, muda wa kurudi na idadi ya abiria.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Gari la mizigo si chombo cha kubebea abiria. Mara kwa mara vikundi vinavyokwenda kwenye sherehe, misiba au ziara hupanda lori au gari la wazi kwa sababu ni rahisi kupatikana kijijini na nauli yake ni ndogo. Gari hilo likiacha njia, waliokaa juu ya bodi hawana mkanda, hawana kiti, na hawana cha kuwazuia wasirushwe. Kiasi kilichookolewa kwenye nauli hakilingani kwa vyovyote na hasara ya familia inayompoteza mtu. Mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa kikundi anayeona safari ya namna hiyo ikipangwa ana wajibu wa kuizuia. Anayeona mwendo wa hatari barabarani apige simu ya dharura ya Polisi namba 112, na inapohitajika huduma ya Zimamoto na Uokoaji apige namba 114.

Mfano wa ratiba ya siku mbili

Siku ya kwanza, wasafiri watoke Shishiyu alfajiri ili wafike Maswa mjini mapema, kisha wachukue njia ya kaskazini kupitia Bariadi na Lamadi. Wapumzike Magu, walione Daraja la Simiyu kutoka mahali salama nje ya barabara, na mchana wasimame Bujora. Jioni waingie Mwanza na kulala.

Siku ya pili, waondoke Mwanza kuelekea Usagara na Kigongo baada ya kifungua kinywa. Saa za asubuhi zinafaa kwa kutembea darajani kwa kuwa jua halijawa kali. Kwa mwendo wa kawaida, kuvuka kilomita tatu kwa miguu huchukua dakika 40 hivi, na kurudi muda kama huo. Wasioweza kutembea umbali huo wavuke kwa gari hadi Busisi na kuwasubiri wenzao huko. Baada ya chakula cha mchana wageuze kupitia Usagara, Misungwi na Mwigumbi, ili wafike Maswa kabla giza halijaingia na wasilazimike kupita barabara za vijijini usiku.

Ziara ya siku moja inawezekana kwa wanaotumia njia ya kusini kwenda na kurudi, mradi waanze safari mapema na dereva asichoshwe. Kundi lenye watoto wengi linashauriwa kuchagua siku mbili.

Wawapo darajani

Daraja ni barabara kuu inayotumiwa na malori, mabasi na magari ya wagonjwa wakati wote. Kwa sababu hiyo, gari la wageni lisisimame juu ya daraja kwa ajili ya kupiga picha. Njia ya dharura ni ya chombo kilichoharibika na ya huduma za uokoaji. Gari lililosimama hapo bila dharura linaweza kumzuia mgonjwa yule yule ambaye daraja lilijengwa kumwokoa. Abiria washushwe mwanzoni mwa daraja, mahali gari linapoweza kutoka kabisa barabarani, na dereva awafuate upande wa pili.

Waendao kwa miguu watumie njia yao pekee, na watoto washikwe mkono. Kupanda au kuketi juu ya kingo ni marufuku inayotokana na akili ya kawaida, kwani chini yake ni maji yenye kina. Picha zipigwe mtu akiwa amesimama, si huku akirudi kinyumenyume kuelekea njia ya magari. Anayekusudia kurusha ndege nyuki kwa ajili ya picha za angani anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na anayerekodi filamu ya kibiashara afuate taratibu za Bodi ya Filamu Tanzania.

Ufukweni pia pana tahadhari zake. Kuoga au kuchezea maji ya ziwa pembezoni kunaweza kusababisha ugonjwa wa kichocho, na baadhi ya maeneo ya ziwa yana mamba. Wageni watakaotaka kupanda boti wahakikishe kila mmoja amevaa jaketi okozi na kwamba chombo hakijazidishiwa watu.

Ziara za wanafunzi

Kwa shule za msingi na sekondari, daraja ni darasa la jiografia, hisabati na uraia kwa wakati mmoja. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ndogondogo kabla ya safari: kuchora ramani ya njia, kukokotoa muda wa kuvuka kwa miguu na kwa gari, au kuwauliza wazee wa kijijini waliowahi kupanda kivuko cha Kigongo wawasimulie hali ilivyokuwa. Mwanafunzi anayefika darajani akiwa na maswali hurudi na majibu, na asiye na swali hurudi na picha peke yake.

Uongozi wa shule unapaswa kupata ridhaa ya maandishi ya wazazi, kuitaarifu Idara ya Elimu ya Halmashauri, kuandaa orodha ya majina yenye namba za simu za wazazi, na kuwa na walimu wa kutosha wa kiume na wa kike. Orodha isomwe kila mara kabla ya gari kuondoka. Wanafunzi wenye ulemavu wasiachwe nyumbani kwa kisingizio cha umbali. Upana wa njia ya waenda kwa miguu unatosha kwa kiti mwendo na msaidizi wake.

Kulinda kilichojengwa

Daraja lililosanifiwa kudumu miaka 100 linaweza kuharibika mapema iwapo wanaolitumia hawatalitunza. Malori yaliyozidisha uzito huchosha mihimili na kuharibu lami. Wizi wa vyuma, nyaya za taa na alama za barabarani huwaacha madereva gizani. Taka zinazotupwa huziba njia za kupitishia maji ya mvua. Vibanda vinavyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara huwaweka wafanyabiashara na wateja wao katika njia ya ajali. Mambo haya hayahusu Kigongo–Busisi peke yake. Yanahusu pia kalavati dogo la kijijini Shishiyu, ambalo likizibwa na taka au kuchimbwa mchanga pembeni yake, husombwa na maji ya Masika na kuwakatia watoto njia ya shule.

Mwananchi akiona nondo imekatwa, alama imeng'olewa au ukingo umemomonyoka, atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji au kata. Kwa barabara kuu na za mikoa mhusika ni TANROADS, na kwa barabara za vijijini na mijini ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Taarifa ya mapema hugharimu simu moja, na daraja lililobomoka hugharimu kijiji kizima.

Wakazi wa Shishiyu watakaosafiri kwenda Kigongo–Busisi watakuwa wanakwenda kuitazama mali yao. Sehemu ya shilingi bilioni 718 ilitokana na kodi inayolipwa kila mwananchi anaponunua bidhaa dukani, na kila mkulima anaponunua mafuta ya pikipiki inayombebea pamba kwenda kituo cha mauzo. Wanaopanga safari kwa msimu wa kiangazi waanze kuweka akiba sasa, wakubaliane na mwenye chombo chenye leseni ya abiria, na wafuatilie taarifa za hali ya hewa na za barabara hadi siku ya kuondoka.